Jumla Mbili Zinazolingana

Kila Juni, katikati ya mwezi, Waziri wa Fedha wa Tanzania husimama bungeni Dodoma na kusoma moja ya maandiko marefu kabisa yanayosomwa kwa sauti katika Kiswahili mwaka mzima. Wananchi husikiliza wakingoja mambo machache: bia imepanda au imeachwa, mafuta je, kodi ya mshahara imeguswa wapi, tozo gani mpya imezaliwa. Kesho yake magazeti huchambua hayo hayo, na wiki haijaisha hotuba imeshawekwa kabatini. Naona ni hasara kubwa. Hotuba ya Bajeti ni utanzu kamili. Ina kanuni zake za kuanza na kumaliza, ina takriri, ina msemaji na hadhira, ina mahali pa kutamba na mahali pa kupunguza sauti. Tunabishana nchi nzima kama Serikali inatumia kuliko inavyopata, na kama kinachotumika kina tija. Umbo la andiko hilo limeshatoa sehemu kubwa ya jibu kabla mbunge yeyote hajawasha kipaza sauti.

Nimechagua hotuba ya mwaka wa fedha 2022/23, aliyoisoma Dkt. Mwigulu Nchemba tarehe 14 Juni 2022. Kuna sababu ya kuchagua mwaka huo, nayo inamhusu yule anayetajwa mwanzoni mwa kila aya. Nitaifikia.

Hotuba za aina hii hufunguliwa kwa kutoa hoja: Bunge linaombwa lijadili na kupitisha makadirio ya mapato na matumizi. Kisha huja shukrani kwa Mwenyezi Mungu, pongezi kwa Rais na wasaidizi wake wakuu, kwa Spika, kwa wenyeviti wa kamati, kwa watumishi wa wizara. Aliyezoea tenzi za pwani hatashangaa. Utenzi nao huanza kwa jina la Mungu, na mtunzi hujiweka chini ya mamlaka iliyo juu yake kabla ya kugusa kisa. Dibaji hiyo ina kazi: atakachosema waziri kisionekane kimetoka kwake peke yake. Ni adabu, na sina ugomvi nayo. Ila ina gharama, kwa sababu dakika ambazo masikio yako macho zaidi hupita kabla shilingi ya kwanza ya deni haijatajwa.

Baada ya dibaji, takriri. Katika chapa ya hotuba aya zimepewa namba, na kila aya huanza kwa maneno mawili: Mheshimiwa Spika. Chanzo chake ni nidhamu ya Bunge, kwamba kila anayesema hupitia kiti. Lakini kilichoanza kama nidhamu kimekuwa kibwagizo, na kibwagizo hubadilisha namna akili inavyopokea maneno. Kila aya inapoanza kwa salamu, inasimama peke yake kama mgeni aliyebisha hodi upya. Aya ya mapato haiidai chochote aya ya deni. Viunganishi vya hoja, yaani kwa hiyo, ingawa, kwa sababu, hata hivyo, havina kazi sana pale ambapo namba ndiyo inayoshona. Katika makala yenye hoja, aya ya kumi huweza kukanusha aya ya tisa. Hapa aya ya tisini na ya themanini na tisa hupita mlangoni kwa zamu, kila moja na salamu yake, na hakuna aliyeziuliza kama zinapatana.

Kitovu cha hotuba ni jedwali linaloitwa sura ya bajeti. Sentensi inayolitangulia hurudi karibu kila mwaka: jumla ya shilingi kadhaa zinatarajiwa kukusanywa na kutumika. Mwaka 2022/23 zilikuwa trilioni 41.48. Itazame sentensi hiyo. Ina vitenzi viwili na kiima kimoja. Fedha zile zile zinazokusanywa ndizo zinazotumika, na kati ya kukusanya na kutumia hakuna nafasi hata ya koma. Nakisi imezibwa kisarufi kabla haijatamkwa.

Sasa teremka upande wa mapato. Mapato ya ndani, pamoja na ya halmashauri, trilioni 28.02. Misaada na mikopo nafuu kutoka kwa washirika wa maendeleo, trilioni 4.65. Mikopo ya soko la ndani, trilioni 5.78. Mikopo ya nje yenye masharti ya kibiashara, trilioni 3.03. Jumlisha, utapata 41.48. Teremka upande wa matumizi: ya kawaida trilioni 26.48, ya maendeleo trilioni 15.00. Jumlisha, utapata 41.48. Mistari miwili ya chini inatazamana kama sahani za mizani iliyotulia. Ndani ya utulivu huo mna trilioni 13.46, karibu theluthi ya bajeti yote, ambazo Serikali ama imepewa ama italazimika kuzirudisha na riba. Zimepangwa safu moja na kodi ya mshahara wa mwalimu na ushuru wa bandarini, kwa mwandiko ule ule, chini ya neno lile lile, mapato.

Huu si ulaghai, na nisingependa msomaji anielewe hivyo. Kila mstari umetajwa kwa jina lake. Mhasibu atasema jedwali hili linaonyesha fedha taslimu zitatoka wapi na zitakwenda wapi, naye yuko sahihi. Mimi nasema juu ya athari ya mpangilio. Ipo namna nyingine ya kupanga tarakimu hizo hizo, nayo imezoeleka katika takwimu za fedha za serikali duniani: mapato na misaada juu, matumizi chini yake, kisha toa. Kinachobaki ni nakisi, inaandikwa waziwazi, na chini ya mstari inaonyeshwa imezibwa kwa mikopo ipi. Hakuna shilingi inayobadilika. Kinachobadilika ni kwamba msomaji hulazimika kusimama kwenye pengo na kulitazama kabla ya kuvuka.

Kuna tarakimu moja ndani ya jedwali hilo inayostahili kusomwa taratibu. Katika zile trilioni 5.78 za mikopo ya ndani, trilioni 3.30 zilikuwa za kulipia hatifungani na dhamana za Serikali zilizoiva. Serikali inakopa kwa mabenki, mifuko ya hifadhi ya jamii na wawekezaji wengine ili kuwalipa wale waliokopesha zamani, ambao wengi wao ndio hao hao. Nchi nyingi hufanya hivyo na hazianguki. Lakini fedha hizo huingia mara mbili, kama mapato upande huu na kama matumizi upande ule, na jumla inavimba pande zote. Kichwa cha habari kinachosema bajeti imefika trilioni 41 kinabeba tumboni trilioni tatu na ushei ambazo hazijengi hata kalvati moja. Mbunge anayesifu ukubwa wa bajeti anasifu pia uzito wa deni linaloviringishwa, bila kujua kwamba ndilo alilolisifu.

Nakisi yenyewe inakaa wapi basi? Makazi yake ya kawaida ni orodha ya malengo, na huko huvaa asilimia ya Pato la Taifa. Kipimo hicho kina mizizi ya kikanda. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, inataka nakisi isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, misaada ikihesabiwa ndani. Deni nalo lina kikomo chake katika tathmini za Tanzania: thamani yake ya sasa isizidi asilimia 55 ya Pato la Taifa. Kisha huja hukumu ambayo Watanzania wameizoea kama methali, kwamba deni letu ni himilivu. Hukumu hiyo inatokana na tathmini halisi inayofanywa kwa vigezo vinavyojulikana, nami siibezi. Ninachohoji ni kugawanya kwa kitu ambacho hakilipi. Pato la Taifa ni jasho la kila mtu, la muuza mkaa wa Kibaha na la kiwanda cha saruji, na sehemu kubwa ya jasho hilo haipiti kabisa mikononi mwa Hazina. Deni hulipwa kwa kile kinachokusanywa. Katika bajeti hiyo zilitengwa kama trilioni 9.1 za kugharamia deni, na kama trilioni 9.8 za mishahara ya watumishi. Tarakimu zote mbili zimo, hazikufichwa. Umbo tu halimwombi msomaji azikutanishe na zile trilioni 28.02. Akizikutanisha ataona kwamba kugharamia deni ni karibu theluthi ya mapato ya ndani. Hata akiondoa zile 3.30 za kuviringisha, kinachobaki kinapita moja ya tano. Hapo mjadala wa uhimilivu unapata mwili. Mtu anaweza kusema moja ya tano ni sawa kwa nchi inayojenga, mwingine akasema ni nyingi mno, na wote wawili watakuwa wanazungumzia kitu kimoja.

Upande wa matumizi, tatizo la umbo ni la vitenzi. Orodha za vipaumbele zimejengwa kwa vitenzi-jina vinavyofuatana: kuimarisha, kuboresha, kuendeleza, kuhamasisha, kuweka mazingira wezeshi. Havina wakati wala mtendaji. Mtu hawezi kurudi mwaka wa pili kuuliza kama uimarishaji umekwisha, kwa kuwa kitenzi chenyewe hakina mwisho. Kando yake kuna kauli ya kutendwa iliyotawala, zimetengwa. Kila aliyekaa halmashauri anajua kuna vituo vitatu katika safari ya fedha ya umma: kutengwa, kutolewa, kutumika. Diwani anaweza kuwa na zahanati iliyotengewa fedha katika kitabu, isitolewe hata robo yake hadi Mei, kisha zikaja kwa kishindo wiki za mwisho wa Juni kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Hotuba ya Juni imeandikwa karibu yote kwa lugha ya kituo cha kwanza. Anayebisha kwamba matumizi ya Serikali hayana tija na anayebisha kwamba yanayo, wote wananukuu kutengwa.

Lakini ndani ya hotuba hiyo hiyo ya 2022/23 kuna mahali sauti inabadilika, na mhakiki lazima aseme kweli anapokutana na uandishi mzuri. Waziri alipofika kwenye magari ya Serikali alieleza gharama za kuyanunua, mafuta yake, vipuri na matengenezo, zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka, akapendekeza maofisa wakopeshwe magari wayatunze wenyewe. Ghafla lugha ina kitu kinachoonekana, ina bei, ina mwenye kuwajibika, ina kitakachofanyika. Ni aya ambayo mtu anaweza kwenda kuisimulia nyumbani bila kusoma karatasi, na mwaka unaofuata anaweza kuuliza imefikia wapi. Kumbe utanzu huu hauna laana ya kuwa mzito. Unaweza kusema wazi unapoamua kusema wazi, na uliamua kwenye magari kabla ya kuamua kwenye deni.

Nirudi sasa kwa yule anayeitwa kila aya.

Spika katika hotuba ya bajeti ni sikio. Anaitwa tena na tena, na kwa mila ya mabunge yetu hajadili. Anagawa nafasi, anatunza muda, anahoji walioafiki na wasioafiki. Miezi michache kabla ya hotuba ninayoisoma, sikio hilo lilisema. Mwishoni mwa Desemba 2021, Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, akiwa katika mkusanyiko wa kijamii Dodoma, alihoji mwendo wa kukopa. Aliuliza kipi bora, nchi ijikamue kwa tozo zake au iendelee kukopa, akaonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Ulikuwa mwaka wa tozo za miamala ya simu, zilizoanza 15 Julai 2021 na kulalamikiwa hadi zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo. Ulikuwa pia mwaka wa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19. Tarehe 3 Januari 2022 Ndugai aliomba radhi hadharani. Siku iliyofuata Rais Samia Suluhu Hassan alimjibu, akieleza kwamba kukopa si jambo geni wala la aibu. Tarehe 6 Januari Spika alijiuzulu.

Siasa za tukio hilo zimejadiliwa vya kutosha. Kinachonihusu hapa ni utanzu. Swali zito kuliko yote ya mwaka ule kuhusu nakisi liliulizwa nje ya ukumbi, kwa taswira ya mnada, na mtu ambaye ndani ya ukumbi umbo lilimpa kazi ya kusikiliza. Taswira ile ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa na kila kinachokosekana kwenye jedwali: mdai, mdaiwa, mali, siku ya mwisho. Pia ilikuwa na udhaifu mkubwa, maana nchi haipigwi mnada kama nyumba ya mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa benki. Mahali pake pa kupimwa na kukosolewa palikuwa kwenye mjadala wenye tarakimu mezani, watu wakiulizana ni mkopo upi, kwa masharti yapi, kwa kazi gani. Taswira hiyo ikabaki hewani bila tarakimu, na tarakimu zikabaki kwenye jedwali bila taswira. Juni ilipofika, Mheshimiwa Spika wa kila aya alikuwa Dkt. Tulia Ackson, aliyechaguliwa Februari, na kibwagizo kiliendelea kilipoishia.

Mkopo ule wa trilioni 1.3 ndio mfano bora ninaoujua wa namna swali la tija lingeweza kuandikwa. Mpango wake ulizinduliwa Dodoma tarehe 10 Oktoba 2021, na sehemu yake iliyoonekana zaidi ilikuwa madarasa: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila moja kwa shilingi milioni 20. Zidisha, ni bilioni 300. Januari 2022 kidato cha kwanza kiliingia madarasani bila wale wa kungoja awamu ya pili. Hapo kuna nomino inayohesabika, bei moja inayojulikana na kila mjumbe wa kamati ya shule, na tarehe ya kumaliza. Mzazi aliweza kusimama mbele ya jengo na kutoa hukumu yake: bati hili ni jembamba, au darasa hili ni zuri na limejengwa kwa wakati. Ninaamini matumizi yale yalifaa. Mtoto hawezi kuahirishwa miaka mitano hadi makusanyo yatengemae, na nchi inayokopa kwa ajili yake haina cha kuomba radhi.

Ila hata simulizi ile nzuri ilikatwa nusu. Mkopo uliidhinishwa Septemba 2021, dola milioni 567.25, nao ulikuwa na sehemu mbili. Theluthi moja ilitoka kwenye dirisha lisilo na riba, ambalo marejesho yake huanza baada ya miaka mitano na nusu na kukamilika katika miaka kumi. Theluthi mbili zilitoka kwenye dirisha ambalo marejesho huanza baada ya miaka mitatu na robo na kumalizika ndani ya miaka mitano. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2022 alifanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2025, wakati sehemu kubwa ya mkopo huo ikiwa imefikia muda wa kulipwa. Darasa litadumu miongo, deni lake kubwa halidumu hata muongo mmoja. Sisemi ni kosa, wakati wa janga mtu huchukua kinachopatikana. Lakini madarasa yalitangazwa kwa idadi na bei, na masharti ya kulipa hayakupata sentensi ya kiwango hicho cha uwazi mahali popote ambapo mzazi yule angeweza kuisikia. Tulipewa upande wa raha wa hesabu kwa Kiswahili safi, na upande wa pili ukabaki katika nyaraka za wakopeshaji.

Bunge letu lakini lina chombo kimoja cha umbo ambacho nakipenda kuliko vyote, nacho ni kushika shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, Katibu husoma fungu na kifungu, na kwenye kifungu cha mshahara wa waziri mbunge husimama kutaka maelezo ya kisera. Asiporidhika, anasema anashika shilingi, yaani anaomba mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Waziri hujieleza upya. Mbunge ama anairudisha shilingi ama anaomba wenzake wamuunge mkono na mjadala unafunguka. Mbele ya matrilioni, shilingi moja. Uzuri wake ni kwamba inamgeuza waziri kuwa mtu mwenye mshahara, na inageuza orodha ya vitenzi-jina kuwa swali linalongoja jibu. Ni mahali pekee katika mchakato wote ambapo aya mbili zinalazimika kusemeshana. Ndiyo maana kila msikilizaji wa redio huongeza sauti akisikia shilingi imeshikwa.

Na chombo hicho kina mipaka miwili. Muda ukiisha gilotini hushuka, mafungu yaliyobaki yakapitishwa kwa mkupuo. Wa pili ni mzito zaidi: shilingi haiwezi kushikwa mbele ya deni. Ibara ya 141 ya Katiba inalidhamini Deni la Taifa kwa Mfuko Mkuu wa Hazina, riba yake ikiwemo, kwa hiyo malipo yake hayangojei huruma ya mbunge. Hilo lina mantiki, maana mkopeshaji asiye na uhakika wa kulipwa huongeza riba. Lakini maana yake ni kwamba zaidi ya moja ya tano ya bajeti ile ilipita mahali ambapo mkono wa mbunge haufiki. Ibara ya 99 nayo inamzuia mbunge kupendekeza mwenyewe kodi mpya au nyongeza ya matumizi, na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Kura yenyewe hupigwa kwa kuita majina, mmoja mmoja, kwa sauti. Ukikusanya vipande hivi utaelewa kwa nini mchango wa kawaida wa mbunge una umbo la ombi: barabara ya jimboni, kituo cha afya, maji, kisha naunga mkono hoja. Kila mmoja anaomba kiongezwe, mara nyingi huyo huyo akilalamikia kodi. Nakisi huzaliwa katikati ya sentensi hizo mbili, na kila msemaji huziweka dakika kadhaa mbalimbali.

Mpangilio wa muda nao unasaidia kuzitenganisha sentensi hizo. Tangu mzunguko wa bajeti ulipobadilishwa kuanzia mwaka 2013/14, makadirio ya wizara husomwa kuanzia Aprili, na hotuba kuu yenye kodi na mikopo huja Juni, ingawa ukomo wa bajeti huonyeshwa mapema. Miezi miwili watu wanajadili kitakachonunuliwa, kisha wiki mbili wanajadili kitalipiwa na nini. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu mwaka 2022/23 ilitoka Aprili 2024, wakati Bunge limeshaingia kwenye makadirio ya 2024/25. Ripoti hiyo ina umbo tofauti kabisa, la hoja, athari na pendekezo, ndilo umbo ambalo swali la tija linalihitaji. Ila inazungumzia fedha ambazo zimeshasahauliwa na waliozipitisha.

Wakenya walipitia mlango mwingine. Juni 2024 vijana hawakuhangaika na hotuba, walichukua Muswada wa Fedha wenyewe na kuusoma kifungu kwa kifungu, VAT ya mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya magari, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani na kuusambaza. Muswada hauna dibaji wala kibwagizo, kila kifungu kinasema nani alipe nini. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Damu ilimwagika siku hiyo, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Ushindi huo uliacha pengo la shilingi bilioni 346 za Kenya ambalo ilibidi lizibwe, kwa sehemu, kwa kukopa zaidi. Usomaji ule wa karibu ulikuwa wa upande mmoja wa jedwali, kama ambavyo usomaji wetu wa bia na mafuta ulivyo wa upande mmoja.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika hotuba hizi ni la kiufundi, nami ninalitoa kwa dhati. Chukua reli ya kisasa. Treni ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, miaka miwili kamili tangu hotuba niliyoisoma hapa. Sehemu ya Dar es Salaam hadi Makutupora ilipata mkopo wa kibiashara wa dola bilioni 1.46 uliosainiwa Februari 2020 na kuratibiwa na Standard Chartered. Iandikiwe aya moja. Itaje mkopo ulikuwa kiasi gani, riba yake, mwaka wa kuanza kulipa na mwaka wa kumaliza. Nauli na mizigo vimeingiza kiasi gani mwaka uliopita. Tofauti yake inalipwa na kodi ipi. Na treni imebeba watu wangapi ambao zamani wangekesha kwenye basi. Iwe na viunganishi, iwe na kwa hiyo na ingawa. Ianze na Mheshimiwa Spika, hakuna neno. Itakuwa ndefu kuliko jirani zake, na itabidi iandikwe upya kila Juni hadi mkopo wenyewe uishe.